Mpangaji

Tumerudi Jumapili kwa treni ya mchana.
Syokimau ikatupokea na baridi yake ya Julai
na dereva wa teksi akadai mia tisa,
maana alituona tulivyoiva kwa jua
akajua tumetoka kula raha.

Leo nafua. Donholm, ghorofa ya nne.
Maji yamekuja saa kumi na moja alfajiri
na hayakusema yataondoka lini.
Nageuza mifuko ya kaptura ya Mutinda:
mchanga, kokwa ya ukwaju, mchanga.
Nakung'uta gauni la Ndunge: mchanga.
Kisiwa kimetufuata kijiko kwa kijiko,
sasa kinazama kwenye beseni la bluu
na povu la sabuni linakifunika.

Siku nne tu, Wasini.
Siku nne simu ya Kitonga ililala
kwenye droo ya Bi Mwanasha, mwenyeji wetu,
na ofisini hakuna aliyekufa.
Siku nne Ndunge aliamka kabla ya kila mtu,
akaenda ufuoni kuangalia kama bado yapo,
akarudi kuninong'oneza kwa hofu:
"Mama, maji yote haya,
wameyaacha wazi usiku kucha.
Nani anayalipia?"

Nilicheka. Sasa sicheki.
Leo ni tarehe nane.
Kodi ya mwezi huu tuliila kisiwani
na wali wa nazi, na pweza,
na ile asubuhi Mutinda alipoelea chali
bila mkono wa mtu chini yake
akapiga kelele, "Mmeniachilia? Mmeniachilia!"
Sijui hiyo ni shilingi ngapi.

Ndipo soksi ya kijivu ikakwaruza.
Nilipiga ukemi uliofika ghorofa ya pili.
Ndani, gamba la konokono,
na chini ya gamba, miguu.
Kaa. Yule mdogo asiyejenga,
anayehamia nyumba iliyoachwa na marehemu.
Mutinda hakukana.
"Hakuwa na mtu," alisema,
tayari anakoroga chumvi kwenye bakuli la uji.

Saa mbili usiku mlango ukagongwa mara mbili,
ubisho wa Barasa, msimamizi wa jengo.
Sote tukanyamaza. Tunajua kazi hiyo.
Ndunge akaziba mdomo kwa mikono miwili,
mimi nikazima jiko, sufuria ikalalamika kidogo.
Na kaa, ambaye hakufundishwa na mtu,
akarudi ndani ya gamba
akaziba mlango kwa gando lake,
kimya kuliko sisi sote.

Kitonga alimtazama muda mrefu.
Kisha akainuka, akamweka kiganjani,
akaenda kufungua.

Sikusikia yote. Nilisikia "Ijumaa,"
nikasikia "mwanaume mwenzangu,"
kisha nikaona Barasa amechuchumaa na gambuti zake,
mzaliwa wa Busia, hajawahi kuiona bahari,
akingoja mguu wa kwanza utokeze.
"Na huyu naye," akauliza, "humlipa nani?"
Hakuna aliyemjibu.
"Basi Ijumaa," akasema. "Ijumaa kweli."

Asubuhi tulikwenda River Road, ofisi ya vifurushi.
Mkebe wa Kimbo, matundu kumi na moja ya msumari,
kitambaa kilicholowa maji ya chumvi.
Karani akatikisa. "Kuna nini humu?"
"Usitikise!" Mutinda akalia.
Akaandika kwenye risiti, polepole, kwa herufi kubwa:
KAA MMOJA. HAI. APOKEWE NA BI MWANASHA.
Mia nne na hamsini.
Nilizitoa katika zile za Ijumaa.

Tukirudi nyumbani Mutinda hakusema neno
hadi ngazi ya tatu:
"Na akifika akute pwani imejaa?"

Ndunge alikuwa ametangulia.
Nilimsikia jikoni akifungua bomba,
akingoja,
akilifunga.